Kuvusha Abiria

Kwenye fomu yeye ni mia moja na kumi na nane.
Jina haturuhusiwi kuliandika,
ila Kikombo nzima inajua
mwenye baiskeli ya kengele mbili ni Yeremia Mchiwa,
miaka thelathini na minne mshika bendera wa reli.

Nilimkuta akichambua karanga za mbegu.
"Mzee, nakutajia maneno matano, uyashike:
ndoo, zabibu, shoka, blanketi, barua."
Akaitikia kwa kichwa
kama mtu anayepokezwa mzigo wa mwenzake.

"Sasa taja wanyama, wowote, dakika moja."
Ng'ombe, akasema. Mbuzi. Punda.
Kimya. Saa yangu inakula sekunde.
Kisha akaacha wanyama, akashika njia:
Gulwe, Msagali, Igandu, Kikombo,
Ihumwa, Dodoma, Zuzu, Kigwe, Bahi,
Kintinku, Makutupora, Saranda, Manyoni,
pumzi moja, bila kusimama hata pa kuteka maji.

Fomu inataka wanyama.
Nikaandika: watatu.
Pembeni, kwa penseli: treni imepita.

Picha ya kichwa chake ilirudi Jumatano.
Dokta Mnyambwa akaibandika kwenye kioo chenye taa,
chuoni, ghorofa ya pili, dirisha la kuelekea Chimwaga,
na sote tukaacha kutafuna.
Ubongo umenywea kama zabibu iliyosahauliwa juani.
Kwa picha hii, alisema dokta,
huyu asingejua mlango wa nyumba yake.

Na huyu ndiye mweka hazina wa kanisa.
Huyu bado anawadai wazee wenzake
shilingi mia mbili za sadaka ya Juni.

Nikarudi kumuuliza, swali lisilo kwenye fomu:
Unafanyaje?
Akacheka, akapuliza maganda.

"Mwaka wa Elinino Kinyasungwe ilikula tuta kule Gulwe.
Reli ikaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo.
Treni moja huku, nyingine kule, maji katikati.
Unadhani watu hawakufika Kigoma?
Tuliwavusha. Kwa kamba, migongoni, kupitia shamba la mtu,
kuku, magodoro, bibi harusi mmoja na sanduku lake.
Walichelewa. Walilowa. Walifika."

Dokta ana neno refu kwa jambo hilo.
Mimi nimebaki na la mzee.

Sijamwambia dokta kwa nini niliomba kazi hii.
Mama yangu yuko Mpwapwa, ana miaka sitini na saba.
Picha yake niliilipia mwenyewe,
nikaibandika kwenye kioo kilekile wenzangu walipokwenda kula.
Ubongo wake umenona kuliko wa mzee.
Na mama anatia chumvi kwenye chai,
ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa na surua.
Alifundisha darasa la tatu miaka thelathini.
Amekula mlenda na uwele, ametembea kwa miguu,
ameimba sauti ya pili kwaya zote za mtaa.
Visanduku vyote vya kinga namwekea tiki.
Kwa nini kwake hakuja mtu na kamba?

Siku ya mwisho nilimuuliza mzee maneno yangu matano.
"Ndoo. Zabibu. Shoka. Barua."
Na la tano?
Akatazama relini, ng'ambo ya ua.
"Usinitajie. Litafika."
Nikaandika manne. Nikafunga fomu.

Usiku wa tatu, Mpwapwa, saa tisa na nusu,
simu ikalia chini ya mto wangu.
"Blanketi," akasema, akakata.

Mama alikuwa macho, amekaa kitandani.
"Nani huyo?"
"Ni treni, mama. Imechelewa."
Akafikiri kidogo.
"Watakuwa na njaa hao," akasema,
akaanza kupapasa gizani, akitafuta kanga yake.